Mwajiri wa Bwana Kasoro

Mpangaji wangu wa chumba cha tatu alikuwa na kazi ambayo kwa miezi saba sikuielewa, nami si mtu wa kuona haya kuuliza. Kila nikimwuliza ananijibu, "Mama, mimi natafuta makosa." Makosa ya nani? "Ya watu." Nikawa namtazama kwa jicho la pembeni, maana mtu wa namna hiyo ndani ya nyumba ya wapangaji si wa kumchekea. Siku moja akakaa nami kwenye benchi la ukumbini akanieleza taratibu. Wapo watu wanaoandika programu za kompyuta na za simu, na kabla programu haijapewa wateja lazima awepo mtu wa kuigeuza huku na huku, kuibonyeza mahali pasipobonyezwa, kuijaza maneno ya kijinga, mpaka ivunjike. Ikivunjika anaandika imevunjikaje, anawarudishia wenyewe waitengeneze.

"Kumbe wewe ni mama mkwe," nikamwambia.

Alicheka mpaka akavua miwani. Fundi cherehani wa chumba cha kwanza, mwanamke ambaye mdomo wake haukuumbiwa komeo, ndiye aliyempa jina la Bwana Kasoro, likamganda.

Alikuwa na miaka thelathini na minane. Wazazi wake walishatangulia, akabaki na dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyeolewa mji wa mbali. Asubuhi saa mbili kamili alikuwa mezani, ameshapiga pasi shati na suruali, kana kwamba kuna mtu wa kumwona miguu. Kazi yake yote aliifanyia chumbani mle. Wenzake walikuwa kumi na wanne na hakuna hata mmoja aliyeishi mji wetu, lakini mimi niliwajua kwa sauti kupitia ukuta. Alikuwepo mmoja mwenye kikohozi, mwingine wa kike aliyependa kuimba akisubiri. Wakicheka wao na mimi nilicheka, bila kujua tunacheka nini.

Mwaka ule uchumi ukayumba. Ilianza kama habari ya redioni, ya watu wengine, kisha ikabisha hodi. Jumanne moja, saa nne asubuhi, Bwana Kasoro alikuwa anaandika ripoti yake, kompyuta ikamkataa. Akaingiza neno la siri, ikamkataa tena. Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye alichukua daftari akaanza kulichunguza kosa lile: saa ngapi limetokea, alikuwa amebonyeza nini, likirudiwa linatokea tena au la. Aliandika karibu ukurasa mzima, kwa kituo, ndipo ulipoingia ujumbe kwenye simu yake mwenyewe kwamba yeye na wenzake wote si wafanyakazi tena kuanzia asubuhi ile. Daftari alikuja kunionyesha. Chini ya maelezo yote alikuwa ameandika: "Si kosa. Mfumo unafanya kazi kama ulivyokusudiwa."

Mimi nimekula chumvi nyingi. Nilikuwepo kiwanda cha nguo kilipofungwa. Marehemu mume wangu alikuwa huko, kwenye mashine za kusokota. Lakini wale walikuwa na geti. Walikwenda kukaa mbele ya lile geti miezi minane, wakacheza bao, wakatukana wakubwa, wakagawana sigara, wakazikana. Bwana Kasoro hakuwa na geti. Aliachishwa kazi akiwa amekaa kiti kilekile, na kesho yake aliamka akakaa kiti kilekile, shati limepigwa pasi.

Kilichobaki ni kundi lao la kwenye simu, wote kumi na tano. Walikuwa wanatumiana matangazo ya kazi, na yeye ndiye aliyetuma mengi kuliko wote, hata zile kazi alizozitaka mwenyewe. Nilimwuliza, "Baba, mbona unawaonyesha wenzio kisima na wewe una kiu?" Akasema ndiyo desturi yao. Basi ikawa kila anayepata kazi anatoka kundini kimyakimya, bila kuaga, asije akawaumiza waliobaki. Simu inaandika tu kwamba fulani ameondoka. Wakaondoka watatu, wakaondoka sita. Aliondoka mwenye kikohozi. Mwezi wa kumi Bwana Kasoro aliingia ukumbini akanionyesha simu: kundini amebaki peke yake. Na tangazo la mwisho lilikuwa lake, la juzi.

Na hizo kazi aliziomba, si kwamba alilala. Nimemwona. Usaili wa siku hizi mwingine hauna hata msaili. Kompyuta inamwandikia swali, inamhesabia dakika mbili, naye anajibu huku anajitazama uso wake mwenyewe kwenye kioo. Nilipita mlangoni na ndoo nikamsikia anasema kwa adabu zote, "Nashukuru sana kwa nafasi hii," na mle ndani hakuna mtu. Nilisimama na ndoo yangu mpaka mkono ukafa ganzi.

"Mvumilivu hula mbivu," fundi cherehani alimtania uani.

"Amina."

"Lakini yako, kaka yangu, nadhani imeshaozea mtini."

Alitabasamu, akaanika shati, akaingia ndani.

Shemeji yake, mume wa yule dada, alikuwa na duka la misumari na saruji, akawa anamwita akasimamie stoo. Dada mtu alinipigia hata mimi: "Mama, mwambie aache kujifungia. Kompyuta haijamtupa yeye tu, imetupa wengi." Bwana Kasoro akatoa ahadi: mwezi huu ukiisha hajaitwa popote, anafunga mizigo, na mambo ya programu ndiyo basi tena. Miaka kumi na minne ya ufundi wake ilikuwa imening'inia kwenye siku kumi na mbili.

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili hizo, likatokea tangazo. Kampuni ilitaka mtu wa kutafuta makosa, mzoefu, wa kufanyia kazi nyumbani. Mwisho wa kuomba Ijumaa. Nilimsikia akipiga mluzi, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu kundi lilipokuwa limejaa. Nikajisemea, akiipata hii atakaa, hataondoka. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli, si kwa sababu yananipamba.

Jumatatu jioni akaja amenuna. Fomu ya kuombea kazi ilikuwa na mahali pa kuandika mwajiri wako wa sasa. Pana nyota nyekundu, maana yake hupiti bila kujaza. Chini yake wanataka namba ya simu ya huyo mwajiri, na fomu inatuma hapohapo tarakimu sita kwenye simu yake, uzisome, uziandike. Huna mwajiri, huna tarakimu, huna pa kupita.

"Yaani asiye na kazi haruhusiwi kuomba kazi?" nikauliza.

"Ni kosa tu, Mama. Aliyeitengeneza ana kazi, hakuwaza."

"Sasa umefanyaje?"

"Nimewaandikia ripoti."

Akanisomea. Namna ya kulirudia kosa: hatua ya kwanza, achishwa kazi, hatua ya pili, fungua fomu, hatua ya tatu, jaza kwa ukweli. Nilicheka, kisha nikakasirika. Watu wanakimbilia mlango unaofungwa, huyu amesimama nje anaandika barua kuhusu bawaba!

Jumanne kimya, Jumatano asubuhi kimya. Nikamwambia, "Niandike mimi. Simu ninayo, tarakimu zikija nitakusomea."

"Wewe si mwajiri wangu, Mama."

"Nani atajua?"

"Mimi. Kazi yangu yote ni kusema kitu kilivyo. Nikianza kwa uongo, nitakuwa naomba kazi gani?"

Nilimwambia kiburi hakiliwi. Akaniambia, polepole, kwamba hata mimi ninacho. Nikanyanyuka nikaingia ndani.

Sasa mimi nilisoma la saba, sikwenda mbele, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiutembeza darasa hadi darasa. Nilichana karatasi katikati ya daftari, nikaandika: "Kuanzia leo Jumatano hadi nitakapokuachia, nimekuajiri kukagua nyumba hii yenye vyumba vinne, ukumbi, choo na ua, na kuniandikia kasoro zake zote bila kuniogopa. Malipo ni chakula cha mchana." Nikatia sahihi. Nikaenda kumpa mlangoni kwake bila kumsalimia.

Alisoma mara mbili. "Kweli kabisa?"

"Ukichelewa kuanza nakukata nusu sahani."

Alikagua siku mbili. Alifungua kila bomba, akapanda darini, akalala chini kutazama mteremko wa maji ya uani. Alinijia na kasoro thelathini na saba kwa maandishi. Ya kumi na moja ilisema ngazi ya pili ya mlango wa nyuma ni fupi kuliko zingine na siku moja itaniangusha. Nikakataa: nimeipanda ngazi ile miaka arobaini. Hakubishana. Aliniomba nishuke nikiwa nimebeba ndoo na nikimsimulia habari za kiwanda. Nilifika katikati ya hadithi, mguu ukakosa, akanidaka. Akaandika: "Imethibitishwa."

Alhamisi jioni akajaza fomu, jina langu penye nyota. Simu yangu ikalia, nikamsomea tarakimu sita, moja moja, kama sala. Fomu ikapokea.

Jumatano iliyofuata, zimebaki siku mbili mwezi uishe, yeye alikuwa ametoka kwenda kuulizia magari ya kumpeleka kwa dada yake. Simu ikalia. Sauti ya mwanamke, mpole, anataka kuongea na mwajiri wa Bwana Kasoro, ingawa yeye alilitaja jina lake la cheti.

"Unaongea naye," nikasema, nikakaa wima.

"Kampuni yenu inaitwaje, Mama?"

"Haina jina. Ina vyumba vinne na choo."

Nikasikia anazuia kicheko. Nikamweleza yote, karatasi, chakula cha mchana, ngazi. Hapo kwenye ngazi akaniuliza mara mbili: hakubishana kabisa? Hakubishana, nikamwambia, alinifanya niione mwenyewe. Nikasikia anaandika.

"Ile ripoti yake ya fomu tumeisoma," akasema. "Tulikuwa tunashangaa kwa nini waombaji ni wachache." Kisha akashusha pumzi. "Ila pana jambo moja. Tulitangaza kazi ya nyumbani, wakubwa wamebadilisha. Atakayechukuliwa ahamie huku ofisini." Akataja mji. Kwa basi ni siku mbili. "Unaweza kumwachia lini? Waajiri wengi huomba mwezi mmoja."

Mwezi mmoja. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ukumbini, naona mlango wa chumba cha tatu, na shati limeanikwa uani. Neno lilikuwa mdomoni mwangu na lilikuwa halali yangu kabisa.

"Nikiomba huo mwezi, mtamsubiri?"

"Sitakuficha, Mama. Yupo wa pili anayeweza kuanza Jumatatu."

"Basi nimemwachia," nikasema. "Tangu sasa hivi."

Aliporudi alikuwa ameshapigiwa huko njiani. Alisimama mbele yangu, kofia mkononi, kama mtoto aliyevunja kitu.

"Mama, wameniambia umeniachia."

"Nimekufukuza. Huoni ngazi bado mbovu?"

Nikamwonea huruma, nikamtuma dukani akalete sabuni.

Ijumaa alishinda juani na ndoo ya saruji akiisawazisha ile ngazi, na Jumamosi asubuhi akaondoka na begi moja na kompyuta kifuani. Fundi cherehani alimshonea vifungo vyote bila kumtania hata neno, nikajua na yeye limemgusa. Ananipigia kila Jumapili. Anasema ofisini wako wengi, chakula wanakula pamoja, wana kelele mno. Namwambia vizuri.

Kupitia ukuta sasa hasikiki mtu. Watu watatu wameshakuja kuulizia chumba. Wote nimewaambia kimechukuliwa.