Sahani Zilizorudi Tupu

Binti wa mdogo wangu alipojifungua mwezi uliopita, alinipigia simu kutoka Sur akaniuliza kama kile kibao cha bibi yake, yaani mama yangu, bado ninacho. Nilikuwa nimeshafika Bidbid, nakwenda Nizwa kwa shughuli zangu. Nikageuza gari, nikarudi Maskati kukitafuta. Nilikikuta chini ya sanduku, kimefungwa katika kanga: kibao cha mti mzito, kimechongwa umbo la kobe, na mistari ya gamba lake imejaa mafuta ya miaka. Nilipokinusa tu nikawa mtoto wa miaka tisa tena.

Mama yangu alikuwa Mhokkien wa Penang, katika wale Wachina ambao wazee wao waliondoka kusini ya Uchina wakavuka bahari kutafuta maisha. Alisilimu, akaolewa na baba yangu aliyekuwa akifanya kazi melini, akaja kukaa Sur nyumbani kwa Bibi, mama yake baba. Bibi alihama Unguja na adabu zake zote, na Kiswahili ndicho kilichosemwa nyumbani. Mama alijifunza mpaka akawa anatutania kwacho. Hata hivyo Bibi alimwita "mke wa mwanangu", na mtaani alikuwa Mchina tu. Hakuna aliyemchukia, lakini chakula chake hakikupata kuvuka kizingiti cha mtu.

Kwa Wahokkien, mtoto akitimiza mwezi hutangazwa kwa ang ku. Ni vitumbua laini vya unga wa mchele wa kunata, vyekundu, ndani mna choroko zilizopondwa na sukari. Hugandamizwa kwenye kibao vikatoka na mgongo wa kobe, vikapikwa kwa mvuke juu ya vipande vya jani la mgomba. Kobe ni dua ya umri mrefu. Mdogo wangu alipotimiza mwezi, Mama alikuwa bado ndani, kwani Bibi alimuweka siku arobaini kama desturi yetu, ila alimwachia jiko asubuhi ile moja. Nyumba nzima ilinuka nazi na jani la moto. Kwa kuwa Mama hakuweza kutoka, nikapewa mimi sahani kumi, moja kwa kila nyumba.

Sikufika hata nyumba ya kwanza. Pembeni nilikutana na wasichana niliosoma nao Kurani chuoni, mmoja akaniuliza kama vile vitumbua havina mafuta ya nguruwe. Nilijua vizuri kwamba Mama alipaka mafuta ya nazi, maana nazi yake niliikuna mimi mwenyewe. Lakini haya ilinishika. Nikaenda nyuma ya ukuta wa jirani, nikawamwagia mbuzi vyote, wakala mpaka na majani. Nikakaa kitambo, kisha nikarudi na sahani zangu kumi.

Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa mtaa wetu alilijua: sahani ya mtu hairudishwi tupu, hutiwa kitu, hata kama ni chembe za sukari. Na kwao Mama ni hivyo hivyo, hutiwa gao la mchele. Mama alizitazama moja moja, akanipa mgongo, akaanza kuziosha. Mgongo ule ulinichoma kuliko fimbo yoyote niliyopata kupigwa.

Bibi akaniita chumbani. "Nyumba kumi zirudishe sahani tupu?" aliniuliza. "Watu hawa nawajua mimi. Sema."

Nikasema. Nilitegemea kufinywa, lakini Bibi alitoka akamwambia Mama kwamba nimejikwaa nikamwaga vyote, nami nikaona haya kusema. Akauliza unga umebaki kiasi gani. Walichapa pamoja awamu ya pili, Bibi akishika kibao kwa mara ya kwanza. Halafu akavaa buibui, na magoti yake yale mabovu, akanibebesha sinia lenye sahani zile zile.

Kila mlango alisema maneno yale yale: "Nimekuleteeni vya mjukuu wangu. Kwao mama yake ndivyo wanavyofanya, na kwao sasa ndio kwetu." Kisha alikaa, hakunyanyuka mpaka vimeonjwa. Tulirudi na tende, halwa, sukari na ndimu kavu. Bibi aliziweka mbele ya Mama akamwambia, "Haya, mwanangu, pokea." Tangu siku hiyo hakumwita jina jingine. Nimesoma, nimefanya kazi kubwa, lakini fahari yangu ni kutoka kwa wanawake wale wawili.

Juzi huko Sur tulichapa ang ku hamsini. Vijana walitaka tutie katika vikasha vya karatasi, kwani siku hizi vitu huja kwa gari na hakuna anayerudisha chombo. Nilikataa, nikapeleka sahani kumi. Nne zilirudi na kitu ndani. Sita bado nazingoja.

Bibi hayupo tena, na Mama naye ametutoka. Mwaka wake wa mwisho nilimwomba radhi kwa wale mbuzi, nikidhani namfichulia siri. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Walipita dirishani midomo myekundu," aliniambia. "Nilijua kabla hujaingia ndani."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, akamwacha Bibi azunguke mtaa mzima na magoti yale.

"Alikuwa kesha kuvaa buibui," alisema. "Nilitaka kumuona akitoka na sahani zangu."