Kijani Chini ya Tairi la Akiba

Mume wangu alikuwa fundi wa rangi za magari mtaani Gatina, na wateja aliowapenda kuliko wote ni wazee wa klabu ya magari ya zamani. Jumamosi walikuja na vigari vyao vya viti viwili, vingine havina hata paa, wakaketi juu ya matairi na kuulizana maswali. Kwa nini nati za magurudumu ya kushoto hufunguliwa upande mmoja na za kulia upande mwingine? Ili mwendo uzikaze, usizilegeze. Kwa nini gari fulani la Kiingereza lina kipimo cha kasi mbele ya abiria, si mbele ya dereva? Hilo hakuna aliyelijua kwa hakika. Mume wangu alisema ni ili mke ajue wakati wa kuanza kupiga kelele.

Aliyekosa jibu alinunua soda. Wakibishana hadi kuchoka, walimgeukia yeye, na neno lake ndilo waliloandika kwenye daftari lao. Mtu aliyeacha shule darasa la sita! Nilijidai kwa ajili yake mpaka majirani zangu wa Sarang'ombe wakanichoka.

Kisha kifua kikamwangusha. Miaka yote ile alipuliza rangi akiwa amejifunga kitambaa tu mdomoni, nami niliyemfulia kitambaa hicho sikuwahi kujiuliza rangi iliyopenya ilienda wapi. Gari lake la mwisho lilikuwa la mama mmoja wa klabu, alilorithi kwa babake. Alilipaka lote jekundu, likabaki kung'arishwa tu, akalazwa hospitali.

Nilienda gereji kumalizia. Kazi ndogondogo za msasa na kupuliza nilishazijua, lakini kwa teksi na matatu tu, magari ya zamani hakuniachia. Nilipotoa tairi la akiba nyuma, nikakuta sehemu ya ukubwa wa kisahani haijapakwa. Imesuguliwa ovyo, nikaona mimi, mpaka rangi za zamani zimetokeza, duara ndani ya duara: nyeupe, bluu, kijani katikati.

Nililia pale pale. Mtu asiyeacha hata bawaba bila rangi! Nikasema ugonjwa umeshafika kichwani. Sikumuuliza. Ningemuuliza nini mgonjwa, kwamba ameanza kuharibu kazi? Nikapaka, nikangoja ikauke, nikarudisha tairi. Nilijiona mke mwema sana.

Alipotoka hospitali, klabu ilikuja kuchukua gari. Mwenye gari akatoa swali la siku: lilitoka kiwandani na rangi gani? Mzee mmoja alikuwa na picha iliyofifia, akasema bluu. Wakamgeukia mume wangu.

"Kijani," akasema. "Halafu bluu, halafu nyeupe. Hii nyekundu ni ya nne. Gari mzee sipaki yote, huwa naachia kidirisha ndio watu wasome imetoka wapi. Toeni hiyo tairi ya spea mtaona."

Wakalitoa.

Palikuwa pekundu, pamenyooka, panang'aa. Yule mzee mwenye picha akamshika bega. "Pole, fundi. Ugonjwa ni kitu mbaya."

Mume wangu alipitisha kidole pale. Akaniangalia. Nilichohitaji ni kufungua mdomo tu.

"Basi nimesahau," akasema. "Lazima nilipaka mwenyewe."

Nikachukua tairi, nikalirudisha mahali pake. Kwenye daftari wakaandika bluu.

Tukirudi nyumbani alipumzika mara tatu njiani. Mara ya tatu akasema, "Mama watoto, umepaka poa. Haina hata mchirizi."

Heri angenitukana. Nilimwambia Jumamosi nitawaeleza, akatikisa kichwa tu. Jumamosi ikafika nikasema ijayo, kwa sababu niliona haya, na haya ni kitu cha kijinga sana mtu kumtolea mumewe kafara. Wazee waliendelea kuja. Walimletea matunda, wakamuuliza habari za kifua, wakizungumza naye polepole na kwa sauti kubwa kama wanaongea na mtoto. Maswali ya magari waliulizana wao kwa wao, naye amekaa hapo hapo, anajua majibu.

Alifariki wakati wa mvua za masika, tukamzika kwao Machakos. Mwenye lile gari jekundu alipewa maikrofoni. Alisifu mikono ya marehemu vizuri mno, watu wakaguna kwa kukubali. Akasema hata kumbukumbu ilipomtoka, upole haukumtoka.

Kisha maikrofoni ikaletwa kwangu, mjane. Niliwashukuru wote waliotoka mbali, nikawaambia chakula kiko tayari.