Mwanamke wa Kichwa cha Birika

Agosti 1996 nilimpoteza kaka yangu, na kabla hatujamsafirisha nyumbani kuzikwa nikapoteza na filamu yake.

Alikuwa akichora mabango ya vibanda hapa Kawangware. Jioni alichora kitu chake mwenyewe: mwanamke mwenye kichwa cha birika anatoka mlangoni, anapanda juu ya mabati, mabati yanageuka samaki, wanaogelea naye mpaka mawinguni. Kila hatua ilikuwa na karatasi yake, na karatasi moja ilipishana na nyingine kidogo tu, labda kidole kimesogea. Mpiga video za harusi wa Riruta alikubali kuzipiga picha moja moja ziwe filamu, na kuzitilia wimbo aliotunga kaka, tuliokuwa nao kwenye kaseti: "Mvua, karibu ndani, kiti hakuna, keti kitandani." Nilimwahidi kaka akiwa hospitalini kwamba nitazipeleka.

Basi matanga yakaanza. Shangazi akaja kutoka Gatwekera kusimamia chai ya waombolezaji. Niliporudi kutoka mochari nikakuta rundo la karatasi limekonda.

"Shangazi, karatasi ziko wapi?"

"Si nimekupangia? Zilikuwa zimejaa mpaka chini ya kitanda."

"Na zingine?"

"Zile alizokosea? Nimewashia jiko."

"Hakukosea!"

"Mama, mimi nina macho. Picha moja ameirudia, ameirudia, maskini, mpaka akaipata. Nimekuwekea ile iliyotoka vizuri. Na usinipigie kelele, watu wanakunywa chai."

Nikamweleza habari za filamu. Akasikiliza, kisha akauliza kwa nini mtu achore mguu mara zote hizo na mguu ni ule ule. Nikaeleza tena. Akanipa kikombe. Nilikinywa, na mpaka leo inanikera kwamba ile chai ilikuwa tamu.

Tuliporudi kutoka mazishini nilipeleka zilizobaki Riruta. Shangazi alisisitiza kuja. Siku mpiga video alipotuonyesha, wimbo ulianza, sauti ya kaka ikajaa chumba. Mwanamke yuko mlangoni. Anakaa hapo muda mrefu. Ghafla yuko juu ya mabati.

"Ngoja," Shangazi akasema. "Amepandaje huko?"

"Kwa zile ulizowashia jiko."

 Wimbo ukaendelea mpaka ukaisha. Akavuta kiti karibu na televisheni.

"Rudisha pale mlangoni," akamwambia mpiga video.

Akarudisha.