Siku Mama Mkwe Aliponipa Mkono

Pikipiki yangu ni nzuri kuliko zote za Kolwezi, na nasema hivyo bila aibu kwa sababu nimeitengeneza mwenyewe. Tangi nimelipaka rangi ya shaba iliyosuguliwa. Nyuma nimeondoa garde-boue ndefu ya kiwandani, lile bati la kuzuia matope linaloning'inia kama mkia wa kondoo, nikaweka fupi ya aluminiamu niliyoikunja kwa mikono yangu. Vijana wa taxi-moto, wanaobeba abiria kwa pikipiki, husimama mbele ya karakana yangu, pale mtaani Musonoi, wakiipiga picha. Wengine wamejaribu kuiga. Wanakata bati kwa msumeno, wanafunga kwa waya, na wakipakia mtu mzito tairi linaanza kusugua bati. Hawakusomea. Mimi nimesomea.

Diploma yangu ya ufundi wa mitambo niliipata Afrika Kusini, na hakuna mjomba aliyenilipia. Niliosha magari ya watu, nikalala gereji, nikasoma. Niliporudi nilivuka mpaka wa Kasumbalesa na mashine ya kulehemu ndani ya sanduku la mbao. Watu wa nyumbani walitegemea kuona televisheni kubwa, wakanicheka. Leo wanaleta pikipiki zao kwangu na kungoja zamu.

Mke wangu hakunicheka. Alizaliwa hapa hapa Musonoi, na mama yake, mjane, alikuwa na nyumba karibu na yetu. Jumapili tulikwenda kanisani sote watatu kwa pikipiki hiyohiyo, kabla sijaibadilisha: mimi mbele, mke wangu katikati, na mama yake nyuma kabisa, amekaa upande juu ya porte-bagage, kichanja cha chuma cha mizigo kilichofungwa juu ya ile garde-boue ndefu.

Mgeni angeona familia tu. Lakini kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ukimwona anakuja njiani, unapinda. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote, kwa kuwa mama huyo ndiye aliyemzaa mke wako, na heshima hiyo tunaiita bukwe. Kupanda pikipiki moja ni jambo ambalo wazee wangelikataa, ila mke wangu ndiye aliyelipanga: alikaa kati yetu kama ukuta. Hata maneno yalipitia kwake. Nikitaka kumwambia mama mkwe kwamba unga umefika, nilimwambia mke wangu, ingawa mama amesimama palepale na anasikia kila kitu.

Mke wangu alipenda kutuchokoza. "Mama anasema aksanti," aliniambia siku moja tulipofika kanisani, "na anasema unaendesha kama mutu mwenye anafukuzwa na polisi."

Mama hakuwa amesema neno. Tulicheka wote watatu, kila mmoja akitazama upande wake.

Huyo mke wangu ndiye aliyetaka garde-boue fupi. Nilimwonyesha picha za pikipiki kwenye simu, zile zilizokatwa nyuma zikabaki nyepesi kama panzi, akasema yetu inafanana na kitanda cha hospitali. Akaniuliza kama naweza kufanya vile. Kuniuliza mimi kama naweza! Nikamwambia ataona. Kisha kazi za wateja zikawa nyingi, kisha tukapata mtoto wa kike, na mwanzoni mwa msimu mmoja wa mvua homa ikamchukua mke wangu. Mtoto alikuwa anaanza tu kusema.

Mtoto alikwenda kukaa kwa bibi yake. Kila Jumapili niliwachukua, tukapita makaburini, tukaenda kanisani. Mama mkwe aliendelea kukaa juu ya porte-bagage, mtoto mgongoni ndani ya kitenge, na katikati, mahali pa mke wangu, aliweka kikapu chake. Niliendesha polepole, nikiogopa kila shimo.

Nyumbani sikuweza kukaa. Kila sahani ilikuwa yake. Basi nikashinda karakana, na nikaanza kazi aliyoniomba. Niliondoa kiti, taa na porte-bagage. Nilikata mkia wa fremu, nikalehemu bomba lililopindwa nusu duara kufunga ncha zake. Garde-boue niliikunja kidogo kidogo juu ya gogo hadi ikafuata mviringo wa tairi. Nilipakia mifuko ya mchanga ili springi zishuke hadi mwisho, nikahakikisha tairi haligusi kitu. Chini ya kiti niliweka kibati kingine kisichoonekana, kinachokamata matope yasiruke mgongoni, na hilo hakuna fundi mwingine wa hapa aliyelifikiria. Kiti kipya nilikifanya kifupi. Nilipomaliza nilikaa chini sakafuni, nikalia, maana ilikuwa ile picha hasa.

Vijana wa taxi-moto walikuja kuangalia. Mmoja wao, mwenye mdomo, aliizunguka taratibu, akaweka mkono kidevuni. "Tata ingénieur," akasema, yaani mzee injinia, "mukia umekata. Sasa nzi utafukuza na nini?" Walicheka, nami nikacheka nao. Mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumapili iliyofuata nilifika kwa mama mkwe nimevaa suti. Alitoka na kikapu, mtoto mgongoni, macho chini kama siku zote. Alipofika nyuma ya pikipiki alisimama. Alitafuta kwa mkono mahali ambapo chuma kilikuwa, mkono ukapita hewani. Kiti kilikuwa cha watu wawili wanaobanana. Mtu wa nyuma lazima amshike wa mbele kiunoni.

Alimgeuzia mtoto uso, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kusema naye. "Ambia baba yako, leo tutaenda na miguu."

Nami nikamwambia mtoto, anayemwita bibi yake kambo, "Ambia kambo yako, nitaita taxi-moto sasa hivi."

Mtoto alitutazama, akacheka, akaomba mkate. Mama mkwe alikwisha kuanza kutembea.

Jumapili ya pili nilileta taxi-moto yenye porte-bagage pana. Nilikuta mlango umefungwa, wameondoka mapema. Ya tatu vilevile. Hatimaye mjomba wa marehemu, anayelima kule Lubudi, alikuja mjini na kuniambia jinsi dada yake alivyoelewa: mahali pake pamekatwa, na mahali pa binti yake pamekatwa pamoja. Mwanamume anayefanya hivyo kilio hakijaisha anawaambia wakwe kwamba amemaliza nao.

Nilimweleza mjomba kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyeomba. Nilimwonyesha hata ile picha. Nikasema naweza kuunda pikipiki nyingine yenye mkia mrefu, nzuri kuliko zote alizowahi kupanda. Alinisikiliza vizuri. Alisema maneno atayafikisha, ila yatafika kama maneno ya mwanamume anayejitetea. Maneno kama hayo mama huyapokea kutoka kwa binti yake, akasema, na binti hayuko.

Jibu lilikuja kwa miguu. Ilikuwa asubuhi, karakana imejaa, mimi nimeinama juu ya injini. Vijana wakasogea kupisha mtu, nikainua kichwa. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yangu, mtoto mgongoni, mzigo umefungwa, na alikuwa ananitazama usoni. Miaka yote ile sikujua macho yake yana rangi gani. Ni ya kahawia hafifu, kama ya mke wangu.

"Bonjour, baba," akasema, akaninyooshea mkono. "Tunaenda Lubudi, kwa ndugu yangu. Ukitaka kuona mutoto, utakuya. Mulango iko wazi."

Baba, kama vile angemwita mwanamume yeyote sokoni, si mkwe. Mkono wangu ulikuwa na oili, nikaufuta kwenye suruali, nikaendelea kuufuta. Hakuuondoa wake. Vijana wote wa pale wanajua bukwe, na wote walikuwa wanatutazama. Kukataa mkono wa mama hadharani singeweza. Nikampa. Ulikuwa mkavu na wenye nguvu, akautikisa vizuri, akamshusha mtoto anibusu, akaondoka.

Lubudi nimekwenda mara nyingi. Pikipiki haijaniangusha hata mara moja. Barabara ile inavunja magari, yangu inapita, na kila kituo watu wanaizunguka. Mtoto anakua vizuri na anaimba. Mama mkwe ananipokea kwa furaha, hilo siwezi kukana. Ananipa kiti kizuri cha wageni, ananiuliza habari za kazi, ananisimulia bei ya mahindi. Juzi aliniambia nitafute mwanamke, mimi bado kijana. Alisema hivyo akinitazama usoni, kwa upole, kama unavyomshauri mtoto wa jirani.

Kisha akaleta bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akaketi upande wa pili wa meza, akanawa, tukala sahani moja. Akaniuliza kama chumvi inatosha. Nikasema inatosha, mama. Akaniongezea sombe.