Kisanduku cha Mama Mwihaki

Jeconia Okumu alikuwa na kazi ambayo mamake mzazi hakuweza kuieleza kanisani. Kampuni ya utafiti kutoka Nairobi ilimlipa awatazame watu wakitazama televisheni. "Yaani wao wanaona runinga, na wewe unawaona wao?" mama alimwuliza siku moja. "Na hiyo ni kazi ya mtu mzima?" Jeconia alicheka mpaka akapaliwa na chai. Siku hizo bado alikuwa anacheka.

Lakini kazi yenyewe haikuwa mchezo. Aliizunguka Eldoret akiwa na begi mgongoni, leo Kapsoya, kesho Huruma, siku nyingine mpaka Soy kwa wakulima, akiunganisha visanduku vyeusi kwenye televisheni za waliokubali. Kila mtu wa nyumba alipewa kitufe chake kwenye rimoti. Ukiketi kutazama, bonyeza. Ukienda kusonga ugali, bonyeza tena. Kisha jioni, kabla ya habari, swali lilipita chini ya skrini na familia ikajibu kwa rimoti hiyo hiyo. Kipindi cha jana kiliwafurahisha? Mnatumia sabuni gani? Majibu yalifika Nairobi kabla chai haijapoa.

Naye aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Palikuwa na mzee wa kanisa kule Kapsoya aliyeapa kwamba yeye hutazama habari tu, kumbe kitufe chake kilikesha kwenye mieleka. Jeconia hakumwambia mtu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata huyu alijua kufunga mdomo.

Nyumba iliyomtoa jasho kuipata ilikuwa ya Mama Mwihaki, Huruma. Mbele ilikuwa duka, nyuma vyumba viwili alimoishi na mumewe Mbuthia na wajukuu. Walitoka Nyeri wakiwa vijana. Duka lao la kwanza liliteketea baada ya kura, mwaka ule ambao watu wa Eldoret huutaja kwa kusema "wakati ule", halafu hunyamaza. Walikimbia, wakalala kwenye hema, wakarudi, wakaanza upya kwa mkungu mmoja wa ndizi. Mtu aliyepitia hayo hakubali kitu cheusi chenye taa nyekundu kiwekwe sebuleni mwake hivi hivi.

"Hiyo kitu inaona?" aliuliza.

"Haioni, Mama. Inahesabu tu."

"Na inajua jina yangu?"

"Haijui. Kwake wewe ni nambari tu. Haki ya Mungu."

Basi akakubali, na Mama Mwihaki akikubali jambo hulikubali lote. Alijibu kila swali kama anayekula kiapo. Wajukuu wakimtania adanganye kuhusu sabuni, aliwakata jicho. Kwake yeye, mtu akikuuliza kwa heshima habari za nyumbani kwako, unamjibu ukweli. Kumnyamazia ni kukosa adabu.

Ukaingia mwaka wa kura, na maswali yakaanza kubadilika. Wiki ya kura mtakuwa nyumbani au mtasafiri? Jeconia hakuona neno hapo. Wenye mabasi lazima wajue abiria watakuwa wangapi. Swali la pili likaja: mkisafiri, nani atabaki na nyumba? Watu wa bima hao, alijiambia. Kisha likaja lingine: mlango wenu ni wa mbao au wa chuma? Hapo kijiko kilisimama ndani ya kikombe. Hata hivyo alilitafutia sababu, maana watafiti huuliza habari za paa na milango ili wajue nani anajiweza na nani hajiwezi. Msomi hakosi sababu, na ndiyo inayowaponza wengi.

Usingizi ulipomkataa, asubuhi alimpigia simu Hellen, msimamizi wake aliyeko Nairobi.

"Hellen, hii maswali ni ya nani?"

"Ni ya client anayetulipa, Jeco. Tangu lini unauliza?"

"Anataka majibu kwa mtaa ama kwa nyumba?"

"Kwa nyumba. Lakini usijali, hakuna majina. Ni nambari tu na ile maelezo ya kufika."

Maelezo ya kufika! Huruma milango haina nambari. Fundi aliyetumwa kurekebisha kisanduku angezunguka kutwa, na kwa hiyo kila nyumba Jeconia aliiandikia njia, tena kwa majivuno, maana mafundi wake hawakupotea kamwe. Ya huyu mama aliiandika hivi: shuka kwa kisiagi cha mahindi, tafuta geti ya kijani, uliza Mama Mwihaki. Huruma humwelekezi mtu bila kumwambia amuulize nani, ndivyo walivyolelewa wote. Hakuwa hata amefikiri. Siku ile ile aliyomtaja Mungu, jina la mama wa watu alilituma Nairobi yeye mwenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mchana huo alikwenda Huruma mbio mbio. Alikuta mabegi yamefungwa na wajukuu wamevishwa viatu kujaribu kama vinawatosha.

"Mama, ulijibu nini kuhusu safari?"

"Ukweli. Tunatoka Jumamosi, sisi wote. Hakuna mtu wa kubaki. Na mlango ni ya mbao." Akamtazama vizuri. "Kwani kuna nini, Okumu?"

Akamweleza yote, hakuficha hata kosa lake mwenyewe. Mama Mwihaki alisikiliza amesimama, sweta ya mtoto mkononi. Hakufoka. Jeconia alitamani angefoka.

"Kwa hivyo kuna mtu anajua siku nyumba yangu haitakuwa na mtu. Anajua na mlango. Anajua hata aulize nani."

"Pengine ni biashara tu, Mama. Sijui. Pengine si watu wabaya."

"Wakati ule pia tuliambiwa pengine."

"Jibu tena. Sema mmeghairi, kuna watu wa kubaki."

"Ulinifunza niseme ukweli, sasa unanifunza uongo?" Akaikunja sweta, akaiweka juu ya begi. "Haitakuwa uongo. Mzee aende na watoto. Mimi nabaki."

"Mama, sikuja ubaki! Nilikuja ujue, ufunge vizuri, uende. Hii ni mabati tu."

"Ile ya kwanza pia ilikuwa mabati. Iliungua nikiwa sipo, na mpaka leo sijui ni nani alishika kiberiti. Safari hii nitawaona sura."

Alimsihi mpaka sauti ikamkauka, asifaulu. Alikuja kuiokoa nyumba, na sasa amemweka mwenye nyumba ndani yake.

Jumamosi Mbuthia aliondoka na wajukuu bila kumpa Jeconia mkono. Mkewe Jeconia, Aluoch, alikuwa ameshafika Siaya na watoto, na alipiga simu mara kwa mara kuuliza anangoja nini. Alimwambia kuna nyumba moja hajamaliza. Kisha akaenda kuketi na Mama Mwihaki, maana hakujua afanye nini kingine.

Kisanduku alikuwa amekichomoa. Taa nyekundu ilizimika, lakini majibu hayachomolewi. Maduka ya jirani yalikuwa yamefungwa, na nje ilisikika mashine ya kisiagi peke yake ikiwasagia wateja wa mwisho. Walikunywa chai. Jua lilikuwa linazama mashine iliponyamaza, na sauti ya kijana ikaingia dirishani kutoka kwenye kisiagi, sauti ya mtu aliyefunzwa adabu kwao.

"Habari ya jioni, Mzee. Samahani, kwa Mama Mwihaki ni wapi?"

Mama Mwihaki aliweka kikombe chini taratibu.

"Hapo tu, kwa geti ya kijani," akajibu mwenye kisiagi, mtu mwema asiyejua kumnyima mtu njia. "Na ni nyinyi wote mnaenda?"