Pindo la Kitambaa cha Altare

Juzi nilikwenda Morogoro mjini kumtembelea mjukuu wangu, nikamkuta amekaa sakafuni na binti yake, wamezungukwa na takataka za kila aina. Nasema takataka kwa mapenzi tu. Kulikuwa na karatasi za rangi, vifungo, vipande vya lesi, manyoya, gundi, na kisanduku cha mihuri midogo ya mpira: ua, kipepeo, nyota, jogoo. Mtoto anachovya muhuri kwenye wino, anaugonga kwenye karatasi, kisha anabandika kifungo hapa na unyoya pale. Akaniamkia shikamoo, akanieleza taratibu jinsi inavyofanywa, kwa huruma kabisa, maana anajua bibi yake ni mtu wa zamani. Nikapokea muhuri mmoja nikaunusa. Wenyewe wakacheka. Sikuwaambia kwa nini ninanusa mpira, kwa sababu hadithi yenyewe siielewi mpaka leo, na ni vigumu kumsimulia mtoto jambo ambalo mwenyewe hulielewi. Wewe nitakusimulia, kwa kuwa umri wetu haupishani sana na hutaniuliza maswali mengi.

Nilizaliwa juu milimani, Uluguru, katika kijiji cha misheni, mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni na mtu anapiga chafya kabla hajafumbua macho. Tulikula magimbi, tukala ndizi, tukala maharage, kisha tukarudia magimbi. Kazi zetu zilikuwa kuteka maji, kuokota kuni na kupalilia kwenye miteremko ambayo ukiteleza unaokotwa shamba la jirani. Miaka ile serikali ya kikoloni ilikuwa inawalazimisha watu wachimbe matuta, na wakubwa walikuwa na hasira wakati wote, kwa hiyo sisi watoto tulikuwa tunakaa mbali nao na karibu na shule.

Shuleni tulikuwa na mwalimu mtawa, Mzungu mnene mwenye mashavu mekundu, tukimwita Sista. Siku za kazi za mikono alitufundisha kupiga chapa kwenye kitambaa cha amerikani. Unakata muhogo katikati, unachonga msalaba au samaki kwenye ule uso mweupe, unachovya kwenye masizi yaliyokorogwa na utomvu, unagonga. Rangi ya njano tuliipata kwenye bizari, nyekundu kwenye udongo wa kando ya mto. Kisha juu ya chapa tunashonea mbegu za mtama, vipande vya ukindu na manyoya ya kanga. Sista alikuwa anapiga makofi kwa kila kitu, hata kibaya, jambo lililokuwa linanichanganya, maana nyumbani hakuna aliyewahi kunipigia makofi kwa lolote.

Muhogo ulikuwa na kasoro yake. Kesho yake unanyauka, keshokutwa unanuka. Dada yangu mkubwa ndiye aliyelitatua hilo. Aliteremka mjini na mama siku ya gulio kuuza kabichi, akapita kwa mafundi wanaochonga katambuga, vile viatu vya tairi, akaokota vipande vya tairi na visigino vya viatu. Alivichonga kwa wembe, akavibandika kwenye vibao kwa ulimbo, ule ule tunaonasia ndege. Chapa zake zilitoka safi, kona zote zinaonekana. Mikono yake ilinuka mpira hata wakati wa kula. Tulilala mkeka mmoja, na mimi niliupenda ule mkono mno, nikiuweka chini ya shavu langu.

Basi siku moja nikarudi kutoka mtoni na ndoo yangu, dada hayupo.

Nguo zake zipo, daftari lake lipo, mihuri yake haipo. Nikamuuliza mama. Mama akasema, "Dada yako amekua," akaendelea kupepeta mahindi. Nikamuuliza baba. Baba akaangalia pembeni kama mtu aliyeulizwa habari za mke wa jirani, akasema nimuulize mama. Nikamwendea bibi, mama yake mama, aliyekuwa na nyumba yake nyuma ya migomba yetu, naye akacheka kwa ufizi. "Yupo na hayupo, mke mwenzangu. Usimtaje jina." Sasa mtoto aelewe nini hapo? Niliogopa kwamba amekufa na wakubwa wananificha. Baadaye nikaogopa zaidi niliposikia watoto wenzangu wakisema amewekwa ndani, ni mwali, na kwamba kila msichana atawekwa ndani zamu yake ikifika. Ndani wapi? Anafanywa nini? Waliojua walikaa kimya, na wasiojua walisema mambo ya kutisha. Mimi nilitaka jambo moja tu duniani, dada yangu arudi kwenye mkeka.

Sista naye alimtaka. Ulikuwa mwaka wa mtihani wa darasa la nne, na dada alikuwa wa kwanza darasani. Akifaulu angekwenda shule ya kati ya wasichana. Sista akaja nyumbani na fimbo yake ya kupandia mlima, akazungumza na baba. Baba akamjibu kwa adabu zote kwamba yeye hana neno. Kwetu watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mjomba alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kuvuta tumbaku, na alipoitwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Sista, mwali hatoki mpaka atolewe," alisema.

"Lakini ana kipaji. Anatengeneza kitambaa cha altare kwa ajili ya sikukuu ya parokia. Wengine hawawezi kukimaliza."

Mjomba akafikiri. Alikuwa Mkristo mzuri, hakupenda kuinyima altare. "Kitambaa kiingie kwake. Yeye asitoke, na wewe usiingie. Siku ya sikukuu nikikiona kwa macho yangu, nikiona kwamba kweli ni kazi ya kushangaza watu, tutazungumza habari za mtihani."

Sista aliondoka akiimba. Akanishika bega njiani, akaniambia nisali sana, kwa kuwa kitambaa kile ndicho kitakachomtoa dada yangu. Nilisali mpaka magoti yakachubuka.

Mchukuzi wa kitambaa nilikuwa mimi. Nilikipeleka mpaka mlangoni kwa bibi, kimekunjwa, pamoja na kopo la masizi na kifuko cha mbegu. Bibi anakipokea, anaingia nacho chumba cha ndani, mlango unafungwa. Ruhusa ya kuingia sikuwa nayo, ya kuita sikuwa nayo. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikabandika sikio kwenye udongo wa ukuta, nikasikia: to, to, to. Alikuwa anagonga mihuri yake. Mwali hasemi na mtu wa nje, lakini nilipogonga ukuta kwa ukucha, ile to, to ikasimama, halafu ikagonga mara moja, taratibu, upande wangu. Moyo wangu ulijaa. Nikajua yu hai, na anajua niko pale.

Nilikwenda kila siku. Na kila siku nilimnong'oneza ukutani upuuzi wangu wote, nani kaanguka mtoni, nani kachapwa. Siku moja nikamwambia, "Dada, mimi naogopa. Nikiwekwa mimi, itakuwaje?" Nikangoja jibu mpaka bibi akaja kunifukuza. Siku zilizofuata ule mlio wa mihuri ulibadilika, ukawa wa haraka haraka, mdogo mdogo, kama mtu anayepukuchua mahindi.

Kitambaa kilipotoka, bibi alikikunja mwenyewe bila kukitazama, na hata angekitazama asingeona kitu, macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Sista alikikunjua mezani, tukakiinamia wote. Katikati kulikuwa na misalaba na samaki, kama alivyoagiza. Lakini pembeni, pande zote nne, dada alikuwa amepiga pindo ambalo hatukuwahi kuliona. Kulikuwa na duara lenye nukta. Kulikuwa na mistari iliyovunjika, na kitu kama chungu kilichofunikwa, na kingine kama nyoka wawili au njia mbili, vinakwenda vinarudi, vyeusi na vyekundu, juu yake mbegu za mtama zimeshonwa kwa uzi mwembamba. Sista alipiga makofi mpaka miwani ikamshuka. Alisema hajaona pindo la namna ile hata kwao Ulaya.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, moshi wa ubani, harufu ya mafuta ya nazi kwenye vichwa vya watoto. Kitambaa kilikuwa kimefunikwa kwa shuka jeupe. Padri alipofika altareni, Sista mwenyewe akaliondoa lile shuka. Mimi nilikuwa namwangalia mjomba. Alikuwa amekaa nyuma karibu na nguzo, na kabla hajainua shingo vizuri nikasikia upande wetu mwanamke mmoja mzee akimaka, "Yelewi!"

Halafu likatokea jambo ambalo nimeliwaza maisha yangu yote. Wanawake walijifunika nyuso kwa kanga. Mmoja alicheka, kicheko kilichokatwa katikati. Mama yangu aliuma ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Kisha bila mtu kutoa amri, yule mzee akasimama, akaenda mbele mpaka kwenye kile kizuizi cha mbao tunapopigia magoti wakati wa komunyo, akaigeuzia altare mgongo, akaitanua kanga yake. Mwingine akamfuata. Na mwingine. Mara ukawa ukuta mzima wa wanawake, bega kwa bega, kanga zimetandazwa, wanawatazama wanaume usoni. Altare ikatoweka.

Wanaume walitazamana. Padri, aliyekuwa ametugeuzia mgongo akisali Kilatini chake, aligeuka kutubariki akakutana na visogo vya wanawake. Nilidhani atafoka. Masikini, machozi yalimlenga. Kwenye mahubiri alisema hajapata kuona ibada kubwa ya akina mama kama ile, kuilinda altare kwa miili yao. Walisimama hivyo misa nzima, wazee na wenye watoto migongoni. Nilimvuta mama kanga nikamuuliza kuna nini. "Nyamaza," alisema, akajifunika mdomo kwa kanga. Hata sasa sijui alikuwa anaficha hasira, aibu, au kicheko.

Misa ilipokwisha wanaume walitolewa kwanza. Kungwi wa kijiji, yule anayemfunda mwali, alikunja kitambaa akakitia kwenye kikapu chake, akafunika na majani ya maboga. Sista alimkimbilia mlangoni.

"Jamani, kosa ni nini? Niambieni kosa!"

Wanawake walimpa mkono mmoja mmoja, wakamwambia sikukuu ilikuwa nzuri, wakaenda zao. Alibaki amesimama uwanjani, mashavu yake mekundu yamelowa. Nilimhurumia sana siku ile, kwa kuwa mimi na yeye tulikuwa wajinga sawasawa.

Jioni akamwendea mjomba. Mjomba hakumdanganya wala hakumdhihaki. "Mimi nilisema nikikiona tutazungumza," alimwambia. "Sikukiona, Sista. Niliona kanga." Alikuwa amechanganyikiwa kama sisi, lakini alikuwa mwanamume, na kuna maswali ambayo mwanamume wa kwetu haulizi. Dada akahamishwa nyumba ya juu zaidi mlimani, ambako hakuna ukuta ningeweza kuufikia. Mtihani ukapita. Siku alipotolewa alibebwa mabegani kwa ngoma, amepakwa mafuta, ngozi imekuwa laini na nyeupe kwa kukosa jua. Nilimwita kwa jina. Wanawake wakanizomea, kumbe ana jina jingine. Aliniangalia kutoka kule juu, akatabasamu kidogo, akapitishwa. Akaolewa Turiani, akalima mpunga.

Mimi sikuwekwa ndani wala kuchezwa unyago. Mjomba, nadhani kwa kujutia yale ya Sista, alinipa ruhusa ya kwenda shule ya bweni kabla sijakua, na bibi alinuna mpaka alipokufa. Nikawa mwalimu. Nimefundisha watoto wa watu kusoma tangu sina mvi mpaka nikastaafu.

Nilichelewa sana kumwuliza dada. Sote tulikuwa tumeshakuwa vikongwe, nimekwenda kwake Turiani, tumekaa barazani tunachambua mchele. Nikamwuliza kwa nini alipiga chapa zile za siri za unyago kwenye kitambaa cha kanisa, wakati alijua fika kwamba hazitakiwi kuonwa na wanaume.

"Sikukumbuka wanaume," alisema. "Nilikuwa nakuambia wewe. Ulisema unaogopa. Nami sikuruhusiwa kusema. Nikaona pindoni utaziona mapema, utajua hakuna la kuogopa."

Niliacha mchele kwenye ungo. Nikamwambia, "Basi dada, niambie sasa. Zilisema nini?"

Aliniangalia muda mrefu, mimi bibi wa watu mwenye miwani. Kulikuwa na huruma machoni pake, na sikuipenda.

"Sasa siwezi, mdogo wangu. Wewe hujachezwa."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Alisogeza ungo, akaanza habari za mvua.

Dada ameshakufa. Kungwi alikufa zamani, na wale wa ukuta wa kanga wamekwisha wote. Nyumba zile za ndani hakuna tena, na wasichana wa siku hizi wanakua huku wanaonekana, jambo ambalo nalifurahia, usinielewe vibaya. Ila nikikaa peke yangu huchukua kalamu nikalichora lile pindo, pande zote nne, bila kukosea: duara na nukta yake, chungu kilichofunikwa, njia zinazokwenda na kurudi. Ni maneno aliyoniandikia dada yangu nilipokuwa naogopa. Mwalimu mzima, nimebaki siwezi kuyasoma.