Blanketi Zito la Mama

Siku hiyo nilirudi mapema kutoka kazini. Theluji ilikuwa imeanguka tangu asubuhi na bosi alituruhusu tuondoke. Nilipofungua mlango wa nyumba yetu, ghorofa ya kumi na nne huku ughaibuni, Etobicoke, nilisikia maji yakimwagika bafuni na mama akihema. Nikauacha mkoba pale pale, nikakimbia na viatu vyangu vya theluji.

Mama alikuwa amesimama ndani ya hodhi la kuogea, kanga ameipandisha juu ya magoti, analikanyaga blanketi lake. Si blanketi la kawaida. Limeshonwa vijimifuko, na kila kimoja kimetiwa chembe za kioo, hivyo hata likiwa kavu lina kilo saba. Nilimnunulia baada ya baba kufariki na yeye kuja kuishi nami, maana usingizi ulikuwa umemkataa kabisa, na uzito huo husemekana humtuliza mtu akalala. Mwanzoni alinicheka, akasema nimemletea gunia la mchele ajifunike. Wiki moja baadaye hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Sasa lilikuwa limekunywa maji na hawezi kulinyanyua. Mtu wa miaka sabini na sita, amesimama kwenye povu linaloteleza. Niliogopa, na hofu yangu hutoka kama hasira, ndivyo nilivyo.

"Mama, ukianguka je? Nimesema mara ngapi hili halifuliwi? Linapanguswa tu kwa kitambaa."

"Blanketi ni blanketi," akasema bila kunitazama. "Kwetu tunakanyaga."

Kweli, Tanga ndivyo tulivyofua mablanketi: beseni kubwa uani, sabuni ya unga, sisi watoto ndani tunakanyaga mpaka miguu ife ganzi. Ila sikutaka kukumbushwa. Nilimwambia kioo kitapasuka, mishono itafumuka, mashine za kufulia za chini ya jengo haziwezi kulizungusha, litaoza kabla halijakauka. Nilisema yote hayo kama mtu anayejua. Yeye akaendelea kukanyaga tu. Mama yangu kusemwa akanyamaza si jambo la kawaida, na ningekuwa na akili ningeshtuka papo hapo.

Nilimshika mkono akatoka, nikaenda chumbani kwake kumtafutia kanga kavu. Ndipo nikaona kitanda. Shuka zote zimeondolewa, godoro limegeuzwa, dirisha liko wazi na nje baridi inakata masikio.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Niliona aibu, sifichi. Mama ni mtu wa sala, na twahara yake haina mchezo. Mkojo kwake haupanguswi kwa kitambaa. Lazima maji yapite, kitu kikamuliwe, ndipo moyo utulie. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni namfundisha kupangusa.

Nilirudi bafuni. Alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha choo, nyayo zimekunjamana kwa maji.

"Hii ni mara ya ngapi?" nikamuuliza taratibu.

"Ya tatu. Zile mbili zililowa shuka tu, nikazifua ukiwa kazini." Akaifunika miguu kwa kanga. "Yule bibi wa ghorofa ya tisa alianza hivi hivi. Wanawe wakampeleka nyumba ya wazee. Huko hakuna anayejua lugha yake."

Kumbe wiki zote hizo alikuwa ananiogopa mimi. Iliniuma sana.

"Mama, huendi popote," nikamwambia. "Tutamwona daktari, mambo ya mkojo yana dawa. Na wewe ukiondoka, nani atanigombeza?"

Hakucheka, ila alinitazama, na mabega yake yakashuka.

Nikaitafuta lebo ya lile blanketi, ambayo kusema kweli sikuwahi kuisoma. Ile habari ya kupangusa niliisikia tu dukani. Nikamsomea kwa sauti: lifuliwe kwa mkono, maji baridi, sabuni isiyo kali, lisisokotwe, likaushwe likiwa limelazwa. Nikakagua mishono yote. Hakuna hata mmoja uliofumuka.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," akasema mama.

"Ulikuwa sahihi."

"Sema tena."

Nikasema tena. Kisha nikavua viatu na soksi, nikakunja suruali yangu ya ofisini, nikaingia kwenye hodhi. Tulilisuuza kwa maji matatu, mimi nakanyaga, yeye anatoa amri. Tulilikamua kwa kulikandamiza kwa nyayo, tukalibiringisha ndani ya mataulo, tukalibeba wawili kama zulia mpaka sebuleni. Hatukulianika kwa kulining'iniza, maana chembe zote zingeshukia upande mmoja. Tulililaza juu ya kianikio cha nguo, na kila asubuhi na jioni tukaligeuza. Lilikauka siku ya tatu, na mama akalala usingizi wa kukoroma. Mimi pia nililala.

Daktari alimpa dawa. Ilipunguza, haikumaliza.

Wiki kadhaa baadaye, Jumapili asubuhi, nilikuwa jikoni nakoroga uji. Mama akaniita kutoka chumbani kwake, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeomba chumvi.

"Njoo, limelowa tena."

Nikazima jiko. Nilifurahi kiasi kwamba ilibidi nisimame kwanza nje ya mlango wake, niondoe tabasamu usoni.